Pakanga Katika Glasi: Kwa Mnaoanza Kazi ya Kaunta

Katika wiki yangu ya pili kazini niliipima absinthi, kileo kikali cha kijani kinachotengenezwa kwa pakanga na anisi (kiungo chenye harufu tamu), kama nilivyozoea kupima jini, mililita 30 kamili, nikaichanganya na wiski na kumpelekea mgeni, naye akaonja mara moja, akaisogeza glasi kando na kuomba maji. Mkubwa wangu wa kaunta hakunigombeza. Alimimina absinthi kidogo katika glasi safi, akaanza kudondoshea maji baridi, tone baada ya tone, nami nikakiona kile kijani angavu kikiingiwa na ukungu mpaka glasi nzima ikafanana na tui jepesi. Harufu iliyokuwa imejificha nyuma ya ukali ikatufikia sote wawili.

Sababu yake ni hii: mafuta ya anisi huyeyuka katika kileo kikali, na absinthi kwa kawaida huwa na asilimia 45 hadi 74 ya alkoholi, lakini maji yakizidi mafuta hayo hujitenga kuwa vitone vidogo mno vinavyotawanya mwanga. Basi ukiiweka katika kokteli, ihesabu kuwa kiungo kama karafuu kwenye pilau, wala usiifanye kuwa mchele wenyewe.

Mimea yake mikuu ni mitatu: pakanga, anisi na shamari. Waliolelewa kanisani huisikia pakanga wakaukumbuka uchungu wa Mithali, kisha hushangaa kwamba absinthi nzuri si chungu sana, kwa kuwa sehemu kubwa ya uchungu hubaki mtamboni wakati wa kukeneka. Rangi ya kijani hutokana na majani yanayolowekwa baada ya hapo, nayo hufifia juani. Chupa isikae dirishani.

Absinthi ilianzia bonde la Val-de-Travers nchini Uswisi, na mwaka 1805 Henri-Louis Pernod akafungua kiwanda Pontarlier, upande wa Ufaransa. Baadaye kidudu cha filoksera kilipoangamiza mizabibu na bei ya mvinyo kupanda, Wafaransa wengi waliihamia. Mwaka 1905 huko Uswisi, Jean Lanfray aliwaua mkewe na binti zake wawili. Alikuwa amekunywa mvinyo mwingi siku hiyo na absinthi kidogo tu, lakini lawama zote zikaangukia absinthi. Uswisi ikaipiga marufuku kuanzia 1910, Marekani 1912, Ufaransa 1915. Mgeni akikuuliza kama itamwonyesha mizimu, mjibu kwa heshima kwamba kinacholevya ni alkoholi, na kwamba chupa za kale zilipopimwa maabara hazikukutwa na tujoni, kemikali ya pakanga iliyoshutumiwa, kwa kiasi cha kuleta maono.

Uingereza haikuipiga marufuku, ndiyo maana kitabu cha hoteli ya Savoy ya London cha mwaka 1930 kinaitaja bila wasiwasi katika kokteli ya Corpse Reviver No. 2: jini, Cointreau (kileo kitamu cha machungwa), Kina Lillet (mvinyo uliotiwa viungo) na maji ya limau kwa vipimo sawa, pamoja na tone la absinthi. Ukitia matone matatu, utakuwa umetengeneza kinywaji kingine.

Sazerac, kokteli ya New Orleans nchini Marekani, ndiyo shule yenyewe. Poza glasi, mimina absinthi isiyozidi kijiko cha chai, izungushe mpaka ukuta wote wa ndani ulowe, kisha mwaga inayobaki. Koroga pembeni wiski ya rai (nafaka jamii ya ngano), sukari na bitasi ya Peychaud, yaani matone machungu ya viungo, pamoja na barafu, chuja humo, na ukamulie juu mafuta ya ganda la limau. Mgeni hupata anisi puani kabla wiski haijamgusa ulimi.

Mchezo wa kuwasha moto sukari iliyoloweshwa absinthi ulienea miaka ya 1990 kutoka Ucheki, nami siupendi: huunguza ladha, na kileo cha asilimia 70 ni kuni mbele ya nyuso za watu.

Mwisho, kipimo kilichogusa absinthi kisirudi kwenye jini kabla ya kuoshwa kwa maji ya moto na sabuni, kwani kukisuuza tu chini ya bomba hakuiondoi harufu ya anisi.