Uliza Ujibiwe: Yuniti ni zilezile, bili imepanda, tofauti inaenda wapi?

Mwezi huu barua karibu zote zimekuja na jambo moja, bili. Bili ya umeme, bili ya gesi, bei ya mafuta. Nimechagua zile ambazo ndani yake zinabeba na maswali ya wengine, zilizokuwa ndefu nimezipunguza kidogo.

Shikamoo dada. Mi na mume wangu tumefika mahali tunagombana kila mwisho wa mwezi kwa sababu ya umeme. Yeye anasema napiga pasi ovyo, mi nasema ni TV yake inayokesha. Nyumba ni ileile, watu walewale, vitu vilevile, ila bili imepanda karibu theluthi. Mkosaji nani? (Mama wa watatu)

Marahaba mdogo wangu. Kabla hamjaendelea kugombana chukueni bili mbili, ya sasa hivi na ya mwezi kama huu mwaka jana, mwangalie kwanza namba moja tu, yuniti mlizotumia, hela achaneni nayo. Kama yuniti zimeongezeka basi kuna kitu ndani ya nyumba na mtakipata, na mara nyingi wala sio TV, ni kitu kinachochemsha au kinachopoza, yani hita ya maji, jiko, kiyoyozi, au friji ambayo mpira wa mlango umechoka inaunguruma usiku kucha. Lakini kama yuniti ni zilezile na hela ndo imepanda, basi humo ndani hakuna mkosaji, acheni kabisa kutafutana, kilichobadilika kimebadilika nje.

Na hapo ndo nataka msome mstari mmoja mmoja. Watu wengi wanaangalia jumla ya chini wanaguna wanalipa, kumbe ile karatasi ina vitu vinne vitano tofauti na kila kimoja kina mtu aliyekiamua. Kuna gharama ya kuzalisha umeme wenyewe. Kuna gharama ya kuusafirisha, nguzo, nyaya, transfoma. Kuna malipo ya kudumu ya kila siku au kila mwezi ambayo utalipa hata ukizima kila kitu ukasafiri. Kuna kodi na tozo. Na sehemu nyingine kuna mstari wa bei ya mafuta ya mitambo na mstari wa dola, yani sarafu ya nchi ikishuka na wewe bili yako inapanda hata kama taa hujawasha.

Huu wa dola unahitaji maelezo manake ndo unaoumiza nchi nyingi zisizo tajiri. Mitambo mingi ya umeme ilijengwa kwa mikopo ya nje, na mikataba inasema mwenye mtambo alipwe kwa kukaa tayari tu, awe amezalisha au mtambo umelala, na hesabu imefungwa kwa dola. Pakistan ndo iliwafika hapo. Agosti 2023 watu waliingia barabarani na bili zao mkononi wakazichoma hadharani, na waliochoma hawakuwa wavivu wa kulipa, ni watu waliokuta bili inakimbizana na kodi ya nyumba. Ndani ya zile bili kulikuwa na mzigo mzito wa malipo ya mitambo ya namna hiyo, juu yake kodi za serikali, na rupia ilikuwa imeanguka vibaya. Sasa mama wa Karachi azime taa ngapi ili mkataba wa dola upungue? Hata azizime zote haupungui.

Kwa hiyo mpe mumeo hii asome, halafu mkae pamoja na hizo bili mbili.

Kila nikiuliza kwa nini bei imepanda naambiwa vita ya Ukraine. Hiyo vita iko mbali na mimi, na kuna watu wanasema ni kisingizio tu. Ukweli uko wapi? (Kijana asiyeamini)

Ukweli uko pande zote mbili ila sio nusu kwa nusu. Bei zilianza kupanda 2021, kabla ya vita, uchumi ulikuwa unarudi baada ya korona, kila mtu anataka gesi kwa wakati mmoja na maghala ya Ulaya yalikuwa hayajajaa. Urusi ilipoivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022 na baadae gesi yake ya mabomba kwenda Ulaya ikapunguzwa mpaka ikabaki kidogo, mambo yakaharibika kabisa. Gesi ambayo kwa miaka ilizoea kuuzwa karibu euro 20 kwa megawati-saa, yani yuniti 1,000, kwenye soko la Ulaya, Agosti 2022 ikapita euro 300.

Sasa unauliza umeme unaingiaje. Kwenye masoko mengi ya umeme mitambo inaitwa kwa zamu, ya bei rahisi inaingia kwanza, jua, upepo, maji, nyuklia, mpaka mahitaji yatimie, na mtambo wa mwisho kuitwa ndo unaoweka bei ya wote. Mara nyingi huyo wa mwisho ni wa gesi. Kwa hiyo gesi ikiwa ghali hata umeme wa upepo unauzwa kwa bei ya gesi, na mwenye upepo anapokea ile bei kubwa ingawa upepo haujapanda hata senti. Hispania na Ureno waliona hili haliwezekani, Juni 2022 wakapewa ruhusa na Umoja wa Ulaya kuweka ukomo kwa bei ya gesi inayoingia kwenye mitambo ya umeme. Ina maana zile kanuni za soko ambazo kila siku tunaambiwa haziguswi, ziliguswa.

Na kuhusu kuwa mbali, gesi sasa hivi inasafiri kwa meli, imepozwa mpaka ikawa kimiminika, meli inaenda kwa anayelipa zaidi. Ulaya ilipokosa ya bomba ikaenda sokoni na pochi nene, ikanunua zile meli, na Pakistan mwaka huohuo ikatangaza zabuni za gesi ikakosa hata muuzaji, wananchi wakakaa gizani masaa kwa masaa. Mi hili huwa linaniuma kuliko yote, manake ile shida ilihesabiwa kama ya Ulaya wakati aliyezimiwa taa yuko Lahore.

Kisingizio kinaanzia baadae. Bei ya soko ilishuka sana 2023 lakini bili za watu hazikushuka kwa kasi hiyo. Sababu nyingine ni za kweli, kampuni zilikuwa zimenunua gesi mapema kwa bei ya juu, serikali zilikopa kufidia na deni linarudi kwako polepole. Ila ukiambiwa vita, uliza, vita imeongeza kiasi gani kwenye mstari upi? Mwenye jibu atakuonyesha mstari.

Wakati sisi tunahesabu senti, kampuni za mafuta na gesi zimetangaza faida kubwa kuliko zote. Hii ni haki kweli? (Mstaafu)

Shikamoo mzee wangu. Hapana, mimi sioni haki. Kwa mwaka 2022 Shell peke yake ilitangaza faida ya karibu dola bilioni 40, haijawahi kupata hivyo tangu ianzishwe, na ExxonMobil ilipita dola bilioni 55. Hawakugundua kitu kipya mwaka ule, hawakufanya kazi mara mbili, bei ilipanda kwa sababu ya vita na wao walikuwa wamekalia bidhaa.

Dawa yake inajulikana, kodi ya ziada kwenye faida iliyokuja yenyewe bila jasho. Uingereza iliiweka Mei 2022, asilimia 25 juu ya kodi za kawaida, ikapandishwa kuwa 35 Januari 2023. Kampuni zikasema itafukuza wawekezaji. Hoja hiyo sio ya kudharau kabisa, kodi ikibadilika kila msimu mtu anasita kuweka hela ya miaka 30. Ila kwenye ile ya Uingereza mwanzoni waliweka na msamaha mkubwa kwa anayechimba zaidi, kwa hiyo sehemu ya kodi ikarudi mlango wa nyuma. Mzee ukisikia kodi ya namna hii inatangazwa, usiangalie asilimia peke yake, angalia misamaha iliyoandikwa chini.

Kwa nini serikali zisishushe tu bei? Waweke ruzuku yaishe. (Msomaji)

Hili ndo swali lenyewe, naomba univumilie kidogo.

Ruzuku ya kushusha bei kwa wote inapendwa kwa sababu inaonekana, kila mtu anaiona kwenye pampu au kwenye bili. Tatizo lake ni kwamba inafuata matumizi. Mwenye magari matatu na kiyoyozi kila chumba anapata ruzuku mara nyingi zaidi ya mjane mwenye taa mbili, na hela hiyo imetoka kwenye mfuko uleule wa hospitali na shule. Kwa hiyo wachumi wanasema ondoa. Na kwa hesabu wako sawa, ila wanaondoa kwanza halafu wanaahidi baadae, na hapo ndo watu wanagoma, na mi siwalaumu wanaogoma.

Angalia Nigeria, tarehe 1 Januari 2012, watu wanaamka mwaka mpya wanakuta petroli imetoka naira 65 kwa lita hadi zaidi ya 140, nchi ikasimama kwa mgomo na maandamano mpaka serikali ikarudi nyuma, ikaweka 97. Ekuado Oktoba 2019 hivohivo, Rais Lenín Moreno alifuta ruzuku ya mafuta kwa amri, maandamano ya siku kumi na kitu yakaongozwa na jumuiya za wenyeji wa asili, amri ikafutwa. Watu walisema ni ujinga wa wananchi kutokuelewa uchumi. Sio kweli. Mwananchi anaelewa vizuri sana, ruzuku ya mafuta ndo kitu pekee ambacho ana uhakika serikali inampa, hiyo hela ikienda hazina hana uhakika kama ataiona tena. Anagoma kwa sababu haamini, na kutoamini kwake kuna historia.

Ndo maana huwa natoa mfano wa Iran, pamoja na mengine yote ya nchi ile. Desemba 2010 walipandisha bei za mafuta, gesi na umeme kwa mkupuo, ila kabla ya hapo walishafungulia watu akaunti za benki na kuweka hela ndani, rial 455,000 kwa kila mtu kwa mwezi. Hela ilikuwa inaonekana kwenye akaunti kabla bei haijapanda. Ikapita bila nchi kuwaka moto. Kosa lao lilikuja baadae, kile kiasi hakikupandishwa wakati bei za vitu zinapaa, baada ya miaka michache kikawa hakinunui kitu.

Na Ujerumani 2023 walifanya kitu ambacho mimi nakiona ni cha akili. Serikali iliweka ukomo wa bei kwa asilimia 80 ya matumizi yako ya zamani, gesi ikahesabiwa senti 12 za euro kwa yuniti na umeme senti 40, asilimia 20 inayobaki unalipa bei ya soko. Kwa hiyo hukuachwa peke yako, lakini pia ukipunguza matumizi unaiona faida yote mfukoni. Bado mwenye nyumba kubwa alipata zaidi, hilo hawakulitatua.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, ruzuku iende kwa mtu, isiende kwenye lita, na ifike kabla bei haijapanda. Anayekuambia haiwezekani muulize mbona kodi zinakufikia kwa jina lako.

Kuchomoa chaja ya simu kunasaidia? (Mwanafunzi)

Kidogo sana mwanangu. Yuniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Hita ya wati 3,000 inaimaliza kwa dakika 20. Taa ya LED ya wati 9 inaenda nayo zaidi ya masaa 100, balbu ile ya zamani ya wati 60 haifikishi hata 17. Anza na vinavyochemsha.

Mgombea wetu anasema akichaguliwa bili zitashuka nusu. Nimwamini? (Mpiga kura)

Muulize kushuka nusu ya nini, bei ya yuniti au jumla ya bili, nani analipa hiyo nusu nyingine, na mpaka lini. Uingereza Septemba 2022 waziri mkuu Liz Truss alitangaza kwamba nyumba ya kawaida italipa pauni 2,500 kwa mwaka kwa miaka miwili, manake bila hivyo ilikuwa inaenda kuwa 3,549. Watu wengi wakaelewa hakuna atakayelipa zaidi ya 2,500, hata yeye mwenyewe alisikika redioni akisema hivyo, wakati kilichofungwa kilikuwa bei ya yuniti, ukitumia zaidi unalipa zaidi. Halafu ile miaka miwili, Oktoba ya mwaka huohuo waziri mpya wa fedha akasema itakuwa mpaka Aprili tu kisha wataangalia upya. Hela ilikuwa ya kukopa. Wala sisemi mpango wote ulikuwa mbaya, uliokoa watu wengi kwenye baridi ile, ila aliyepanga bajeti ya nyumba yake kwa ile miaka miwili alijikuta ana uhakika wa miezi sita tu.

Mwenye nyumba anagawa bili kwa idadi ya vyumba, mi niko peke yangu, jirani ana watoto wanne na jiko la umeme. Nifanyeje? (Mpangaji)

Omba mita ndogo ya chumba chako, mkubaliane kwa maandishi kwamba utalipa bei ileile ya yuniti iliyo kwenye bili kubwa, bila nyongeza, na yale malipo ya kudumu ndo yagawanywe kwa vyumba. Na kila mwezi uonyeshwe bili yenyewe, sio kuambiwa kwa mdomo. Akikataa mita, angalau mpendekezee mgawanye kwa idadi ya watu badala ya vyumba. Jirani yako usimchukie, na yeye hajaweka hiyo kanuni.