Usimwache garini, hata kama amelala

Dada, umeuliza kama ni sawa kumwacha mwanao wa miaka miwili amelala garini, kioo umekishusha kidogo, ukachukue samaki sokoni Ngamiani mara moja. Hapana, tafadhali usifanye hivyo.

Kwa jua letu la Tanga la Februari, nyuzi 32 kivulini ni kawaida. Gari lililofungwa huongeza nyuzi kama 10 ndani ya dakika 10 za mwanzo, na joto huendelea kupanda. Kioo kilichoachwa wazi vidole viwili hakisaidii chochote cha maana. Gusa kile chuma cha mkanda gari likishakaa juani, utaruka. Na mwili wa mtoto mdogo hupata joto mara 3 hadi 5 haraka kuliko wetu. Joto la mwili wake likifika nyuzi 40 ni hatari ya maisha.

Hiyo "mara moja" ya sokoni unaijua mwenyewe: chenji hakuna, mara umekutana na wifi. Mbebe mgongoni kwa khanga, hata akiamka analia. Au mpigie muuza samaki wako akuletee hadi barabarani.

Na ukikuta mtoto wa mwenzio kafungiwa, amelegea, usisubiri mwenye gari. Vunja kioo kilicho mbali naye, mtoe, mpeleke kivulini, mpanguse kwa maji, muwahishe hospitali.