Kwa nini idadi ya marudio ya mzazi haitabiri ya mtoto

Ndugu, umeuliza kama mpwa wako, binti wa dada yako ambaye hajapimwa, atakuwa na marudio 300 ya CTG (herufi tatu za DNA zinazojirudia mfululizo katika kipande cha jeni) kama yaliyoonekana katika majibu ya dada yako. Distrofia ya miotonia ya aina ya kwanza, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli na kuifanya ichelewe kulegea, imo katika ukoo wetu hapa Jinja tangu kwa babu mzaa mama, kwa hiyo najibu kwa niliyoyaona na niliyoelezwa na madaktari.

Uwezekano wa binti kurithi nakala ya jeni yenye kasoro ni nusu kwa nusu. Asipoirithi, ugonjwa umekoma kwake na kwa wanawe. Akiirithi, hakuna awezaye kukutajia idadi yake kabla ya kipimo, kwa sababu kipande hicho cha jeni ya DMPK, iliyo kwenye kromosomu ya 19, hakitulii. Kwa watu wasio na ugonjwa, marudio huwa kati ya 5 na 34 na hurithiwa bila kubadilika. Yanapozidi 50, uzi wa DNA hujikunja kama kibanio cha nywele, na zile protini za seli ambazo kazi yake ni kusahihisha makosa ndizo zinazoacha nyongeza humo zinapojaribu kuukarabati.

Kwetu babu alipata mtoto wa jicho mapema, basi. Mama alikuwa akishika kitasa vidole vinakataa kuachia. Mdogo wangu alianza kudhoofika akiwa bado shuleni. Wazee walimtafuta aliyetulaani, na siwalaumu, kwani hata Penrose, mtaalamu wa magonjwa ya kurithi, aliandika mwaka 1948 kwamba kuzidi huku kwa ugonjwa kizazi kwa kizazi kulitokana tu na namna familia zilivyochaguliwa kuchunguzwa. Jeni ilipogunduliwa mwaka 1992 ndipo ilipodhihirika kwamba marudio yenyewe hurefuka. Mara chache hupungua, hasa yakitoka kwa baba, ilhali ile hali kali ya mtoto kuzaliwa mlegevu na kushindwa kupumua, ambayo mara nyingi huwa na marudio zaidi ya 1,000, karibu kila mara hutoka kwa mama. Dada yako akitaka mtoto mwingine, azungumze na daktari kabla ya kushika mimba, na ajifungulie hospitali yenye huduma ya watoto wachanga mahututi.

Isitoshe, hiyo 300 ni ya damu, ya siku ile aliyotolewa. Marudio huendelea kuongezeka maishani, na katika misuli huwa mengi zaidi kuliko katika damu. Ndiyo maana kulinganisha karatasi ya mtu wa miaka 20 na ya mwenye miaka 50 ni kujisumbua bure.

Kwa maoni yangu, moyo wa dada yako, ambao ugonjwa huu huweza kuuathiri pia, unastahili kushughulikiwa kuliko namba hiyo. Apimwe ECG, kipimo cha umeme wa moyo, kila mwaka hata kama hasikii lolote. Sisi hupimwa katika Taasisi ya Moyo ya Uganda, Mulago. Akihitaji upasuaji, mtoa nusukaputi aambiwe mapema, kwa kuwa suksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli wakati wa upasuaji, inaweza kukakamaza misuli yake, na dawa za usingizi na zile za jamii ya mofini zinaweza kumzuia kupumua. Binti naye, ikiwa hana dalili yoyote, kwa kawaida wataalamu hushauri asubiriwe hadi afikie umri wa kujiamulia kupimwa.