Deni bila maandishi, unaweza kumshtaki aliyekukopa?
Dada, hiyo laki nane uliyomkopesha bila kuandikishana bado ni deni, makubaliano ya mdomo sheria yetu ya Tanzania inayatambua ila we ndo unatakiwa uthibitishe, kwahyo usifute meseji ya M-Pesa uliyomtumia wala zile za wasap anazosema "nivumilie mwisho wa mwezi", hapo keshakiri mwenyewe aisee. Polisi achana nao, hiyo ni madai sio jinai. Mwandikie barua ya kumdai kwanza ubaki na kopi, akikausha nenda mahakama ya mwanzo ya huko anakoishi, kama ni Sinza basi Sinza, wakili sio lazima. Una miaka 6 tangu alipotakiwa kulipa, lakini usisubiri mpaka ahame mji.