Jibu: Mabaka ya bluu na macho ya manjano, mtoto wa siku 5
Hongera kwa kujifungua, mdogo wangu. Hayo mabaka ya bluu juu ya makalio si jeraha wala hakubanwa na mtu. Watoto wetu wengi huzaliwa nayo, yanafifia wanavyokua. Wa kwangu alikuwa nalo moja kama wino uliomwagika. Kinachonishtua ni hayo macho ya manjano. Msogeze dirishani mchana, mbonyeze taratibu kwenye paji la uso, achia, utazame kama ngozi ina rangi ya manjano. Angalia na fizi, viganja, nyayo. Manjano ikifika viganjani au nyayoni, au akiwa analala tu hanyonyi, kimbia hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Hata isipofika huko, apimwe leo. Kumwotesha jua si tiba, tafadhali usingoje.