Jibu: Idd ya kwanza ugenini, nifanyeje?

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umesema uko peke yako, siku yenyewe ni ya kazi, na unafikiria kuipitisha Idd kimyakimya. Tafadhali usifanye hivyo.

Omba ruhusa kazini mapema, hata ya asubuhi tu. Swala ya Idd ni rakaa mbili baada ya jua kuchomoza, kisha hotuba, haimalizi siku. Oga, vaa nguo yako nzuri kuliko zote, leta takbira ("Allahu Akbar") njiani, na urudi kwa njia nyingine kama ilivyo sunna. Hotuba ikiisha usikimbilie mlangoni! Hapo ndipo watu wanapeana mikono, na wengi utakaowakuta wako mbali na mama zao kama wewe. Mwambie mmoja wao kwamba huna mwenyeji. Sijui Mwislamu atakayelisikia hilo siku ya Idd akakuacha uondoke peke yako.

Zakatul-fitri, ile sadaka ya lazima ya mwisho wa Ramadhani, itoke kabla ya swala, maana ukichelewa inahesabiwa sadaka ya kawaida. Unaweza kumwagiza mtu wa nyumbani akutolee, ila mtumie fedha siku kadhaa kabla.

Mwezi nao unaweza kuandama huko kwenu siku tofauti. Wewe sali na Waislamu wa hapo ulipo, na nyumbani piga simu siku zote mbili. Wazee wape mkono wa Idd kwanza, watoto watakunyang'anya simu baadaye.

Ukituambia uko mji gani, huenda humu yupo jirani yako.