Kompyuta ikijizima na kujiwasha, usikimbilie kupiga Windows

Nimewahi kulipa mara mbili kupigiwa Windows, yaani kufutiwa na kuwekewa upya, kwenye kompyuta ambayo Windows yake haikuwa na kosa lolote. Naandika haya ili wewe usilipe hata mara moja.

Mashine yenyewe ni ya mezani, mtumba wa Kariakoo, ile iliyomaliza muda wake kwenye ofisi za watu Ulaya ikaletwa huku kwa kontena. Miaka mitatu haikunisumbua. Mimi ni katibu wa kikoba chetu, na Jumapili jioni ndipo ninapoingiza hesabu za wiki. Jumapili moja, katikati ya majina na hisa, skrini ikawa nyeusi, feni zikavuma, alama ya kampuni ikatokea kana kwamba ndiyo kwanza naiwasha. Umeme ulikuwepo: taa inawaka, televisheni inaongea. Nikafungua faili, nikaanza upya. Haikupita robo saa, ikarudia.

Mtaani kwetu kompyuta ikiugua ugonjwa wowote, jibu ni virusi. Si jibu la kijinga kabisa. Waliotumia Windows XP mwaka 2003 watakumbuka kirusi Blaster: kinatokea kijidirisha, kinahesabu sekunde 60, mashine inajirestati. Mwaka 2004 akaja Sasser na mchezo uleule. Ila hao walikuwa wanapiga hodi. Yangu ilikatika kama mtu kachomoa waya, na hilo ndilo ningelishika siku ile ile.

Sikulishika. Nikaibeba kwa fundi, akapiga Windows. Ikakaa siku mbili nyumbani, ikaanza. Nikairudisha, akapiga tena, toleo jingine. Mara ya tatu akaiacha inawaka dukani kuanzia asubuhi mpaka anafunga, haikujizima hata kidogo. Akaniambia kwa adabu, "Mzee wangu, hii mashine ni nzima." Nikaona kama anasema mbovu ni mimi.

Mke wangu, ambaye kompyuta haimhusu, ndiye aliyeuliza: "Kwani mbona asubuhi haifanyi hivyo?"

Nikachukua daftari. Siku kumi niliandika kila ilipojizima: saa ngapi, nilikuwa nafanya nini, na ndani ya nyumba kuna nini kingine kinachotumia umeme. Matukio 14. Yote kati ya saa kumi na mbili na nusu jioni na saa nne usiku. Mengine nilikuwa nacheza karata tu, kazi isiyochosha mashine yoyote. Na mara nne niliandika maneno yaleyale bila kujua nayarudia: "friji imenguruma."

Kabla sijafika kwenye friji, niseme Windows nayo ina daftari lake. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr, ingia Windows Logs kisha System, tafuta saa ambayo mashine ilijizima. Ukikuta namba 1074, kuna programu au mtu aliyeiamuru ijirestati, na mara nyingi ni sasisho za Windows zenyewe. Hapo huna ugonjwa, panga tu saa zako za kazi kwenye mipangilio. Ukikuta Kernel-Power 41, maana yake mashine imewaka bila kwanza kuzimwa vizuri. Fungua undani wake uangalie BugcheckCode. Ikiwa si 0, Windows ilianguka yenyewe na ikaacha alama. Ikiwa 0, mara nyingi Windows haikuona chochote: umeme ulikatika ikiwa haina habari. Zangu zote 14 zilikuwa 0.

Fundi umeme akaja saa mbili usiku, saa ya ugonjwa. Mita yake ikasoma volti 178 pale ambapo tunatarajia 230, maana jioni mtaa mzima umewasha vitu. Friji ilipoanza, namba ikashuka zaidi, ikapanda. Kisha akachomoa ekstensheni yangu akanionyesha tundu la waya wa kompyuta: limelegea, limekuwa jeusi kwa kuungua. Friji, televisheni, kompyuta na chaja za simu, vyote kwenye ekstensheni moja. Nikaona aibu.

Mbona televisheni haikuzima, basi? Geuza kompyuta yako usome kibandiko cha pawasaplai, kile kiboksi cha ndani kinachopokea umeme wa ukutani na kuigawia mashine. Vifaa vingi vya siku hizi vimeandikwa 100–240V, vinameza umeme mdogo bila kulalamika. Pawasaplai ya mtumba wangu iliandikwa 200–240V, yaani volti 178 zilikuwa nje ya mkataba wake. Juu ya hapo, pawasaplai nzima huwa na akiba ya kuvumilia umeme ukipotea kwa muda mfupi mno, kama sekunde moja uigawe mara sitini. Akiba hiyo hukaa kwenye kapasita, vile vifaa vidogo vya kutunza chaji, na kapasita huzeeka. Yangu ilikuwa mzee anayekula nusu mlo, halafu friji inampokonya sahani.

Nikanunua pawasaplai ya 100–240V, nikatupa ekstensheni, kompyuta ikapata soketi yake ya ukutani. Haijajizima tena.

Maonyo mawili hapa. Pawasaplai nyingine za zamani zina kiswichi chekundu cha 115 na 230 nyuma. Usidanganyike kukipeleka 115 eti kwa sababu umeme ni mdogo. Umeme ukirudi utasikia mlipuko. Na usifungue pawasaplai yenyewe hata ukiwa umeichomoa. Zile kapasita hubaki na chaji, na haziulizi wewe ni fundi au katibu wa kikoba.

Kuhusu UPS, lile boksi lenye betri la kushikilia kompyuta umeme ukikatika: ni kitu kizuri, lakini betri yake ikichoka inageuka kuwa ugonjwa mwenyewe. Umeme unayumba, UPS inahamia kwenye betri, betri haina kitu, kompyuta inazima. Nimemwona jirani akilaumu kompyuta mwaka mzima kumbe mkosaji ni hilo boksi linalolia piipii chini ya meza. Jaribu siku chache bila hiyo UPS uone.

Sasa, daftari lako linaweza kusema mengine. La mtoto wa dada yangu lilisema: ikifika dakika ishirini za gemu, inazima, akitazama tu mitandao, haizimi. Hilo ni joto. Tulifungua ubavu wa boksi, vumbi limeshikana juu ya prosesa, ubongo wa kompyuta, kama blanketi, feni inazunguka kwa kujikokota. Tukaipuliza nje uani kwa blowa, tumeishika feni kwa kidole isizungushwe na upepo, tukafuta pesti ya zamani ya kupitisha joto la prosesa, iliyokauka kama chokaa, tukapaka mpya, kiasi cha punje ya njegere. Kabla ya kufungua tulikuwa tumeweka HWMonitor, programu ya bure inayoonyesha joto: gemu ilikuwa inaifikisha nyuzi 98. Baada ya usafi, 71. Ukiona unapita 90 mara kwa mara, usisubiri izime.

Na ikiwa inajizima ovyo, asubuhi na usiku, ikicheza na isipocheza, hasa kama kuna skrini ya bluu inayopita upesi usiisome, shuku ramu (kumbukumbu ya muda ya mashine) au draiva (programu inayoendesha kifaa fulani). Kwanza izuie kujirestati ili uisome hiyo skrini: Windows na R, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, chini kwenye Startup and Recovery bonyeza Settings, ondoa alama ya Automatically restart. Kisha Windows na R tena, andika mdsched, iache ipime ramu. Ikikuta kosa na una vipande viwili, chomoa kimoja, tumia kingine siku kadhaa, badilisha. Kusugua meno ya ramu kwa raba ya penseli kunaweza kusaidia kama yana kutu au uchafu. Ramu iliyokufa raba haiifufui.

Hata hivyo ikikushinda, peleka kwa fundi, lakini usiende na ile "inajizima tu" yangu. Peleka karatasi yenye saa na matukio, na pamoja na boksi beba waya wake wa umeme na ekstensheni yake. Mimi safari tatu nilikuwa nampelekea fundi boksi peke yake, mkosaji nikimwacha sebuleni amechomekwa ukutani.